Nani Aliyeufunika Mwezi?

Jioni ya mfungo wa ishirini na tisa tulipanda kilima cha Portsdown, juu ya mji wa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, kwenda kuutazama mwezi. Tulikuwa watu tisa: maalim wetu, jirani yangu Mbarawa na wanawe wawili, vijana watatu wa Kiunguja waliotoka kazini moja kwa moja na tende mifukoni, mimi, na mjukuu wangu wa miaka kumi. Ukisimama pale unaiona bandari yote chini yako na kisiwa cha Wight ng'ambo ya maji, na upande wa magharibi hakuna cha kukuzuia macho. Mchana kutwa mbingu ilikuwa safi. Maalim alikuwa amesema njiani kwamba mwaka huu hapana wa kubishana. Anayeutaka mwezi aje auone mwenyewe.

Kiasi cha saa moja kabla ya jua kuchwa ikapita ndege ya kwanza, juu kabisa, ikielekea Marekani. Nyuma yake ukabaki mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Ikapita ya pili, kisha ya tatu, na baada ya hapo sikuhesabu tena. Mistari ile haikufutika. Ilitanuka polepole, kingo zikachambuka, mmoja ukaugusa mwenzake, na jua lilipozama, karibu saa mbili na nusu za usiku, magharibi yote ilikuwa imetandwa na utando mwepesi kama tui la pili lililomwagika juu ya kioo. Mwezi mwandamo ni ukucha mdogo tu wa mwanga. Haukuweza kupenya. Tulifuturu kwa tende zile za vijana, tukasali pale pale juu ya majani, tukatazama tena, hatukuona kitu.

Mjukuu wangu akanivuta mkono. "Babu, lakini wingu lile limetiwa na ndege. Mungu hakulileta. Basi kesho tunafunga kwa sababu ya ndege?"

Maalim alimsikia, akamjibu kabla yangu. "Wingu ni wingu, mwanangu. Likiufunika mwezi, tunakamilisha thelathini."

Kwa upande wa sheria hakukosea, nami sikuwa na la kuongeza. Tulipoamrishwa kukamilisha siku thelathini mwezi ukifunikwa, hatukutakiwa kuchunguza nasaba ya wingu. Tulifunga siku ile, na ilikuwa siku njema. Lakini mtoto hakuwa akiuliza habari za saumu. Aliuliza wingu lile ni la nani, na swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo.

Nina sababu yangu ya kulishika sana. Ujana wangu niliumaliza nikihesabu mawingu. Nilikuwa mwangalizi wa hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, na kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila saa ikifika, usiku na mchana, unatoka nje, unainua uso, unaigawa mbingu mafungu manane kwa macho, kisha unaandika mafungu mangapi yamefunikwa. Mawingu ya chini peke yake, ya kati peke yake, ya juu peke yake. Palikuwa na kibanda cheupe cha vipimajoto, na mpira wa kioo uliounguza alama juu ya karatasi kila jua lilipowaka. Bwana mkubwa aliyenifundisha alikuwa akinambia nisiandike ninachodhani, niandike ninachokiona. Fomu ilikuwa na nafasi ya kimo cha wingu, aina yake na wingi wake. Haikuwa na nafasi ya kuandika nani kalileta.

Wala haikuhitajika. Kisauni mstari wa kudumu nyuma ya ndege ulikuwa kitu adimu. Mstari ule hutaka baridi kali, kiasi cha nyuzi arubaini chini ya sifuri au zaidi ya hapo, na kwetu karibu na ikweta, pale kwenye kilomita kumi ambapo ndege nyingi husafiri, hewa mara nyingi haijafikia baridi hiyo. Ulaya kimo hicho hicho kina baridi zaidi, na njia za kwenda Amerika ya Kaskazini zinapita juu ya vichwa vyetu huku. Mjerumani Ernst Schmidt alitoa hesabu ya jambo hili mwaka 1941, na Mmarekani Herbert Appleman akaiendeleza mwaka 1953. Katika vita ilikuwa hesabu ya uhai na kifo, maana mstari mweupe humfichua rubani kwa adui.

Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa. Kilo moja yake ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja ya maji, kwa sura ya mvuke wa moto, pamoja na masizi yale yale tuliyokuwa tukiyafuta kila jioni kwenye kioo cha kandili. Mvuke ukikutana na baridi ya huko juu hugeuka matone, matone hushika kwenye chembe za masizi, na papo hapo huganda kuwa barafu. Hewa ikiwa kavu, barafu hiyo hupotea, na mstari unaonekana kama mkia mfupi unaoifuata ndege. Lakini zipo sehemu za anga ambazo zimeshajaa mvuke kupita kiasi cha barafu kuweza kujijenga, na bado hazina wingu. Ukiangalia kutoka chini ni samawati tupu. Ndege ikipita hapo, chembe zake huanza kuvuta mvuke uliokuwapo, hukua, hutanda, huishi saa nyingi. Katika wingu la namna hiyo likishakomaa, sehemu kubwa ya barafu haikutoka kwenye ndege kabisa. Ni maji yaliyokuwapo pale, yasiyoonekana, yakingoja sababu.

Neno hilo, sababu, ndilo lililonirudisha nyuma miaka arubaini, kwenye baraza ya shekhe mmoja wa Mji Mkongwe tuliyekuwa tukisoma kwake baada ya sala ya alasiri. Yeye ndiye aliyetusimulia mjadala wa pamba na moto. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alisema kwamba sisi hatuuoni moto ukiunguza. Tunachokiona ni pamba kugusana na moto, kisha pamba kuungua. Na anayekuumba kuungua huko ni Mwenyezi Mungu, ambaye akitaka pamba itagusana na moto na itabaki nyeupe. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyezaliwa baada ya Ghazali kufariki, akamjibu kwa kitabu kizima, akishikilia kwamba ukizikana sababu zilizomo katika vitu umeikana na akili yenyewe. Sisi vijana tuligawanyika kama washabiki wa mpira. Mimi nilikuwa upande wa Ibn Rushd, kwa kuwa asubuhi nilikuwa nikisoma vipimajoto.

Leo nikiitazama ile mbingu ya Portsdown naona kwamba hata Ghazali akishinda kwa kila hoja, swali la mtoto linabaki palepale. Ghazali aliuvua moto uwezo wa kuunguza. Hakumvua dhima mtu aliyeisogeza pamba. Maji ya lile wingu ni ya Mungu, baridi ni ya Mungu, na kanuni ya mvuke kushika kwenye masizi ni yake. Kusogeza ni kwetu. Mtu anayesema wingu lote ni la Mungu kwa hiyo hatuhusiki, huyo ameitumia tauhidi kama mwavuli wa kujifichia, na mimi naliona hilo ni utovu wa adabu kwa Mungu mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo ndege hulifanya, kinyume cha kutandika wingu: hulitoboa. Nililiona mara moja asubuhi, kutoka kibarazani kwangu. Mbingu ilikuwa na mawingu ya kati, yale madogo madogo yaliyopangana kama magamba ya samaki, na katikati yake palikuwa na tundu kubwa, karibu duara, kama lililokatwa kwa kikombe kwenye unga uliosukumwa. Ndani ya tundu zilining'inia nyuzi nyeupe. Watu wawili walisimama barabarani wakipiga picha. Mmoja alikuwa akisema kwa sauti kwamba ni ishara.

Ukweli wake ni wa ajabu vya kutosha. Matone ya mawingu hayo yanaweza kuwa na baridi ya nyuzi kumi na tano, hata ishirini, chini ya sifuri, na bado yakawa maji. Yanakosa pa kuanzia kuganda. Ndege inapopenya, hewa inayopita juu ya bawa au kwenye ncha za pangaboi hutanuka ghafla na kupoa zaidi, na baadhi ya matone huganda. Basi inatosha. Barafu huuvuta mvuke kwa nguvu kuliko maji, kwa hiyo kila punje ya barafu huwanyang'anya majirani zake, matone hukauka, barafu hunenepa na kudondoka, na tundu huendelea kupanuka kwa saa nzima au zaidi, hali ndege imeshafika kwao na abiria wanachukua mizigo. Alfred Wegener, yule yule aliyesema mabara yanatembea, aliiona kanuni hii ya barafu na matone mwaka 1911. Tor Bergeron na Walter Findeisen wakaikamilisha. Andrew Heymsfield na wenzake, huko Marekani, ndio walioifuatilia kwa ndege na rada katika miaka ya karibuni, wakaonyesha kwamba matundu haya kweli hufunguliwa na ndege, na kwamba theluji inaweza kudondoka chini ya njia yake.

Linalonishughulisha hapa ni rubani. Hajui. Hakukusudia kutoboa kitu. Amepenya wingu kwa sekunde kadhaa, ametoka ng'ambo, na nyuma yake anga inaendelea kufunguka bila yeye. Dini yetu imeshika nia kama mlango wa amali zote, na kwa mlango huo rubani hana hatia wala thawabu. Hapo shauri lingekwisha, kama kusingekuwa na sura ya Yasin.

Mama yangu alifariki Unguja. Simu ilinifika kabla ya alfajiri, na kwetu maiti haingoji. Alizikwa baada ya sala ya adhuhuri siku ile ile, mimi nikiwa bado natafuta tikiti. Nilipanda ndege jioni, nikapitia Ghuba, nikafika siku ya hitma. Nilikaa mkekani na wajomba zangu na watoto wa wajomba zangu, msahafu mkononi, nikasoma sura ambayo nimeisoma toka utotoni kwa kila maiti wa mtaa wetu. Nikafika aya ya kumi na mbili. Inasema kwamba yanaandikwa yale watu waliyoyatanguliza, na zinaandikwa athari zao. Neno la Kiarabu pale ndilo hili hili letu. Nilikuwa nimelipita mara elfu. Siku ile nilisimama kwalo, mpaka mjomba akanigusa goti akidhani nimelemewa na kilio.

Shekhe alitufundisha kisa kinachosimuliwa pamoja na aya hiyo. Palikuwa na watu wa kabila la Banu Salima, Madina, nyumba zao zikiwa mbali na msikiti. Walitaka kuhama waje karibu. Mtume akawaambia wabaki makwao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Athari, kwa maana yake ya kwanza, ni alama ya unyayo mchangani. Na anayekwenda msikitini hanuii unyayo, ananuia sala. Unyayo unatokea tu kwa kuwa ana uzito na amepita. Hata hivyo umeandikwa, na umeandikwa peke yake, kando ya amali. Wenye kufasiri wakaongeza kwamba athari ni pamoja na kila kinachobaki nyuma ya mtu na kuendelea kufanya kazi akiwa hayupo, chema au kibaya.

Kwa hiyo nimefika mahali pa kuamini hivi. Wingu la ndege ni athari. Halijawa dhambi kwa kuwepo kwake, wala mtu aliyekwenda kumzika mamake hatasomewa mashitaka kwa ajili ya utando uliobaki nyuma yake juu ya bahari. Lakini ni letu, limeandikwa kwa jina letu, na kusema "sikukusudia" hakulifuti, kama vile wale watu wa Madina hawakuhitaji kukusudia nyayo zao ili ziwe zao.

Waangalizi wenzangu wa dunia nzima nao walilazimika kulitafutia jina. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipotoa upya Atlasi ya Mawingu mwaka 2017, liliamua kwamba mstari wa ndege ukidumu dakika kumi au zaidi umekuwa wingu kamili, na uandikwe kwa jina la Kilatini lenye maana ya aliyezaliwa na mtu: homogenitus. Nafasi ambayo fomu yangu ya Kisauni haikuwa nayo, sasa ipo. Na kuna jina la pili, homomutatus, la wingu lililoanza kwa mtu kisha upepo wa juu ukalisukasuka mpaka likafanana na mawingu mengine yote. Jina hili la pili ndilo linalonitisha. Kama hukuwapo lilipozaliwa, huna namna ya kulitambua kwa macho. Utaandika wingu la juu, mafungu matatu, na hutakuwa umesema uongo. Amali imeshahama kutoka kwa mwenyewe, imevaa sura ya dunia, na wajukuu wataiita hali ya hewa.

Sasa ujuzi umeongezeka, na ujuzi kwangu unalibadilisha jambo zima. Mawingu haya membamba huupitisha mwanga mwingi wa jua, kisha huzuia joto la ardhi lisitoke. Mchana hurudisha sehemu ya jua juu, kwa hiyo wakati mwingine hupoza. Usiku kazi yao ni moja tu, kutufunika kwa shuka. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2021 na David Lee na wenzake, ikiangalia safari za anga mpaka 2018, iliona kwamba joto linalotokana na mawingu ya ndege huenda likawa kubwa kuliko la hewa ya kaboni yote iliyorundikwa na ndege tangu zianze kuruka. Wenyewe walisema makadirio hayo yana mapana makubwa. Kaboni hudumu mamia ya miaka na wingu hufa kesho yake, hivyo mizani si nyepesi. Lakini zile tabaka za hewa zilizojaa mvuke ni nyembamba, aghalabu mamia ya mita tu, na rubani akipanda au kushuka kidogo anaweza kuzikwepa. Mwaka 2023 American Airlines na Google walitangaza kwamba katika safari 70 za majaribio, marubani waliokwepa kwa utabiri walipunguza michirizi kwa asilimia 54, kwa kuongeza mafuta kidogo. Kabla ya siku hiyo lile wingu la Portsdown lilikuwa unyayo. Baada ya mtu kujua pa kukanyaga na pa kutokanyaga, kila hatua inaingia katika hukumu ya nia. Rubani wa jana alikuwa na udhuru ambao mwenye shirika la kesho hatakuwa nao, na mimi abiria ninayechagua tikiti kwa bei peke yake naanza kuupoteza.

Najihadhari pia nisione zaidi ya kilichopo. Ramadhani ya 2020 misikiti ilifungwa na ndege nyingi zilikaa chini. Nilikuwa nikipanda kilima peke yangu, mbingu imenyooka kama shuka ya pasi, bila mstari mmoja, na jua likiwaka siku baada ya siku. Majira yale ya kuchipua yaliweka rekodi ya jua Uingereza. Nilitamani sana kusema: tazameni, tumeondoa mkono wetu, mbingu imefunguka. Lakini wenye elimu walieleza kwamba kilicholeta jua lile ni hewa ya shinikizo kubwa iliyokaa juu yetu wiki baada ya wiki. Ndivyo ilivyokuwa na Septemba 2001 kule Marekani, anga ilipofungwa kwa siku tatu baada ya mashambulizi. David Travis na wenzake waliona tofauti ya joto la mchana na la usiku imepanuka, wakasema ni kukosekana kwa mistari ya ndege. Baadaye wengine wakajibu kwamba hali ya hewa ya siku zile ingeweza kuyaleta hayo bila ndege kuhusika. Anayetafuta alama ya mtu kila mahali ataiona hata pasipokuwapo. Usiandike unachodhani.

Mazoea ya Kisauni sijayaacha. Tangu nihamie Portsmouth nina daftari, na kila magharibi natoka kibarazani, nainua uso, nagawa mafungu manane. Siku hizi nimechora safu ya ziada pembeni, ya mawingu niliyoyaona yakizaliwa kwa ndege, na mjukuu wangu ndiye anayeijaza. Ana macho mazuri kuliko yangu, na huwa hakubali kuandika mpaka awe ameiona ndege yenyewe.

Majuzi alikuwa akirudisha kurasa nyuma, akakuta siku moja tupu. "Babu, hapa ulisahau."

Nikatazama tarehe. Ilikuwa ile jioni niliyosafiri kwenda kwenye hitma ya mamangu.

"Sikusahau," nikamwambia. "Siku ile nilikuwa juu."

Alifikiri kidogo, kisha akachukua kalamu, akaniuliza ndege yetu iliondoka saa ngapi na ilipita wapi.